Mkono wa Kuume wa Rashidi Mkwezi

Wekeni kidole hapo penye kishimo chini ya koo, kisha kitelezesheni taratibu mpaka begani. Mfupa mnaoupapasa ni mtulinga. Ni huo peke yake unaoushikiza mkono mzima na kiwiliwili. Kombe la bega, lile pana lililo mgongoni, halikufungwa na mbavu. Limelazwa juu ya nyama na nyama ndiyo inayolishika. Nilipoyajua haya mara ya kwanza, chuo kikuu, Kampala, sikutulia siku mbili. Mkono unaopasua kuni na kuteka maji kisimani, kumbe umetundikwa kwa kijiti kimoja kisichozidi unene wa kidole.

Mwalimu wenu ameniomba niwaandikie nyinyi mnaoanza kazi, niwaeleze jinsi tulivyokuwa tukiunga mifupa bila eksirei. Ameniomba pia niandike ya kuwatia moyo. Hilo la pili atanisamehe.

Nilirudi pwani katikati ya miaka ya hamsini, Mwingereza angali yupo na wala haonyeshi dalili ya kufunga mizigo. Nikapangiwa kituo kidogo cha matibabu baina ya Diani na Msambweni. Jina lake silitaji, na jengo lenyewe lilikwisha kubomolewa. Tulikuwa na wodi moja ya wanaume, moja ya wanawake, chumba cha kufungia vidonda, na ofisi yangu yenye meza ya droo moja. Mzungu, daktari mkuu wa upande ule, alikuja kila Alhamisi, akatembea vitanda vyote, akanywa chai, akaondoka. Siku nyingine zote mkubwa nilikuwa mimi.

Baba yangu alikuwa maalim wa chuo cha Kurani huko Kwale juu. Mimi nilirudi kutoka Kampala sikisadiki kitu nisichoweza kukipasua nikakitazama ndani. Nilihoji kila jambo. Nilihoji kwa nini sindano zichemshwe dakika ishirini wala si kumi na tano, kwa nini chanjo zinapoharibika tunaandika kwamba zimetumika, kwa nini Mzungu akikosea ni hali ya hewa na Mwafrika akikosea ni uzembe. Mengine nilihoji kwa haki. Nawaambia hili mapema, msije mkadhani nawakataza kuhoji.

Nilikuja na mkebe wa biskuti. Ndani yake mlikuwa na mifupa ya mkono mmoja, kuanzia mtulinga mpaka ncha za vidole, niliyouziwa na mwanafunzi aliyekuwa amemaliza masomo. Mfagiaji alipoufungua akidhani ni biskuti, ofisi yangu haikufagiliwa tena mpaka mwisho wa mwezi. Niliutumia kuwafundisha madresa, yaani wale waliofunga vidonda, kuchoma sindano na kufanya kila kazi ambayo daktari hakutaka kuifanya. Mkubwa wao, Mzee Salimu, alikuwa katika kazi hiyo tangu wakati wa vita. Siku ya kwanza alisikiliza somo langu lote, kisha akauchukua mfupa mrefu wa mkono wa juu akaupima kwa jicho.

"Huyu alikuwa nani?" akauliza.

"Ni mifupa ya kufundishia, mzee."

"Nimeona. Nauliza alikuwa nani."

Nilimwambia sijui. Tena nilishangaa, kwa sababu mimi mhoji wa kila jambo swali hilo halikuwa limenijia hata mara moja. Yeye akaupanga mkono ule juu ya meza, mfupa baada ya mfupa, bila kukosea.

"Wa kuume," akasema. "Alikuwa akila nao."

Mzee huyo ndiye aliyenifundisha kurudisha bega, ingawa cheti kilikuwa changu. Kichwa cha mfupa wa mkono wa juu ni kikubwa na kikombe kinachokipokea ni kidogo, tena hakina kina. Wekeni dafu juu ya kisahani, kisha mtu aitikise meza. Ndiyo maana bega huteguka kuliko kiungo kingine chochote. Tuliletewa mkata mawe wa Diani, bega limetoka, jitu la mtu. Nikafanya kama kitabu kilivyosema: nikavua kiatu, nikamkanyaga kwapani, nikauvuta mkono wake kwa nguvu zangu zote. Yeye alikuwa akinivuta mimi. Tulihangaika hivyo mpaka shati langu likaloa na wagonjwa wengine wakajaa mlangoni kutazama mieleka.

"Umemaliza, daktari," Mzee Salimu akauliza kwa adabu kamili, "au nikuletee maji ya kunywa?"

Akamlaza yule mtu kifudifudi juu ya meza, mkono ukaning'inia. Akamfunga ndoo tupu kwenye kifundo cha mkono kwa bandeji, akaketi kwenye kigoda, akaanza kutia maji kikombe kimoja kimoja huku akimuuliza habari za watoto wake, na nani ameoa, na kama yule mbuzi wao aliyeibwa alipatikana. Ndoo ilipofika nusu, na mbuzi akiwa bado hajapatikana, bega likarudi lenyewe kwa mlio mdogo. Nyama zilikuwa zimechoka kushindana. Mpaka leo sijaona njia bora zaidi kwa mtu mwenye misuli. Mkiifanya, msisahau mazungumzo. Mazungumzo ni nusu ya dawa.

Sasa Bi Mwanatumu.

Aliishi maili chache kutoka kituoni, nyuma ya mashamba ya minazi. Mwanamke mfupi, mkavu, mjane, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili wake. Alikuwa muunga mifupa kama alivyokuwa mamake. Watu wa upande ule wakivunjika walikimbilia kwake kwanza, kwetu baadaye, na jambo hilo lilinichoma. Siku moja nikaenda kumwona, si kwa kujifunza, bali kwa kumkamata na uwongo. Nilimwamkia shikamoo kwa sababu sikulelewa porini, akanijibu marahaba, akanikaribisha mkekani, akaendelea na kazi yake.

Alikuwa na mgonjwa aliyevunjika mkono. Alikuwa amemfunga kwa mabanzi ya vijiti vya kuti, yaliyoshikizwa kwa ukindu uliolowekwa, na chini yake kitambaa cha leso kuukuu. Vidole vyote vitano vilikuwa wazi. Ilikuwa ndiyo kwanza watu watoke kuswali alasiri. Akampa yule mtu tasbihi ya punje nyeusi akamwambia avute uradi kwa mkono ule ule uliovunjika. Akaketi mbele yake akikitazama kidole gumba kikizisukuma punje moja baada ya moja. Katikati mtu akaanza kuchelewa, akakunja uso. Bi Mwanatumu akamwambia basi, akafungua ukindu, akaulegeza, akafunga upya, akamwambia aendelee.

"Bibi," nikasema, "kwa hiyo dua ndiyo inayounga mfupa?"

"Mfupa huungwa na Mwenyezi Mungu, mwanangu. Mimi kazi yangu ni kumwekea usikimbie."

"Na tasbihi?"

"Hiyo ni ya vidole."

Nikatabasamu. Nyumbani nikaandika daftarini kwamba matibabu yake ni dua na vijiti. Nilikuwa nimeelezwa, kwa Kiswahili kilichonyooka, na mtu aliyeifanya kazi hiyo miaka mingi kuliko umri wangu, kwa nini anafanya anachofanya. Lakini nilikwisha kuiona tasbihi. Nilipoiona nilimwona baba yangu na fimbo yake ya chuoni, na masikio yangu yakaziba hapo.

Rashidi alikuwa mkwezi. Wengi wenu hamjaona mkwezi hasa akifanya kazi. Kitanzi cha kamba miguuni, panga kiunoni, na mikono miwili inayoukumbatia mnazi na kuuachia, kuukumbatia na kuuachia, mpaka kileleni. Alikuwa na miaka thelathini hivi, mcheshi, na kila shamba kuanzia Msambweni mpaka karibu na Diani walimwita yeye kwanza. Kule juu alikuwa akiwatania wanawake wanaookota nazi chini, na wao wakimtishia kuuondoa mnazi. Siku aliyoanguka, alishika kuti bovu. Akatangulia kwa mkono wa kuume.

Alipelekwa kwa Bi Mwanatumu. Bi Mwanatumu alimpapasa, akamfunga kwa muda, na asubuhi ya pili akapanda naye lori la mbata na kumleta kwangu. Alimleta yeye mwenyewe. Nataka mlishike hilo.

"Mifupa yote miwili ya mkono wa chini imekatika," akaniambia. "Huu wa upande wa kidole gumba naupata. Huu mwingine unanikimbia. Huyu ni wenu."

Geuzeni kiganja juu, kisha kigeuzeni chini, mkiwa mmeshika mkono wa chini kwa mkono wa pili. Mtasikia mfupa mmoja umetulia na mwenzake unamzunguka. Hiyo ndiyo kazi ya ile mifupa miwili. Ikiungana vibaya, mtu hawezi tena kukigeuza kiganja. Hawezi kupokea kitu, hawezi kujaza maji ya kunawa uso. Bi Mwanatumu alilijua hilo bila mkebe wa biskuti. Alijua kwamba huyu atahitaji kulazwa usingizi na kuvutwa, na dawa ya usingizi hakuwa nayo. Mimi nilikuwa nayo.

Nilipoyaondoa mabanzi yake sikutumia mkasi. Yalitoka kwa kuvutwa tu, kama soksi. Vidole vya Rashidi vilikuwa vya moto na vikicheza.

Kabla hajaondoka, Bi Mwanatumu alinikabidhi tasbihi. Akasema, "Mtu ampe hii baada ya kila swala, avute kwa mkono huu. Na mtu amtazame."

Nikamjibu kwamba hapa ni hospitali. Nikaitia tasbihi kwenye droo.

Ile kazi ya kuunga niliifanya vizuri. Hata leo nikiifikiria najisikia fahari, na naichukia hiyo fahari. Nilivuta, nikapapasa, mifupa ikakaa ncha kwa ncha, na bila picha yoyote nilijua imekaa. Kisha nikamtia plasta kuanzia juu ya kiwiko. Plasta ilitakiwa iishie kwenye kiganja, vidole vibaki nje. Mimi nikaendelea mpaka ncha za vidole. Madresa walinitazama. Nikasema sitaki achezeshe vidole, sitaki mambo ya punje katika wodi yangu. Tukacheka kidogo, mimi na dresa mmoja kijana. Mzee Salimu hakucheka.

Mkono uliovunjika huvimba siku ya kwanza, na ya pili huzidi. Plasta haivimbi. Hakuna zaidi ya hapo katika elimu yote ninayotaka kuwapa leo. Damu inasukumwa kuingia, haipati pa kupita, nyama inakufa ndani ya jumba zuri jeupe, na saa zenyewe si nyingi. Mtu atawaambia anaumwa kuliko inavyostahili. Mwaminini. Mnyoosheni kidole kimoja taratibu. Akiruka kwa maumivu, shikeni mkasi. Lakini ili kumnyoosha mtu kidole, lazima kwanza kidole kionekane.

Magharibi Rashidi alianza kulalamika. Mzee Salimu akaja mpaka nyumbani kwangu, akasimama barazani.

"Mwanangu, tuipasue ile plasta."

"Mfupa umekaa, mzee. Tukiipasua utatoka."

"Ukitoka tutaurudisha."

"Mtu aliyevunjika huumwa. Mchome sindano ya maumivu."

"Yule ni mkwezi," akasema. "Nimewahi kumshona mguu akiwa macho, akinisimulia vichekesho. Sasa analia."

Nikamwandikia sindano. Kulipokucha Rashidi alikuwa ametulia kabisa, haumwi tena, na mimi nikamwonyesha Mzee Salimu kana kwamba nimeshinda mashindano. Hakuwa akiumwa kwa sababu hapakuwa na kilichobaki cha kuuma. Siku ya tatu tulipoikata plasta kwa ajili ya harufu, vidole vilikuwa na rangi ya nta. Nikavichoma kwa sindano. Rashidi alikuwa akinitazama usoni, si mkononi, akingoja nimwambie ameshachomwa.

Hakukatwa mkono. Ulipona, kwa maana ya vitabu. Lakini nyama za mkono wa chini zilikauka kama kamba zilizoachwa juani, zikavikunja vidole ndani ya kiganja, navyo havikukunjuka tena.

Alhamisi yake Mzungu akaja. Aliuliza maswali mafupi. Je, mtu huyu alipitia kwanza kwa mganga wa kienyeji? Ndiyo, bwana. Alifungwa huko? Alifungwa. Hakuniuliza alifungwaje, nami sikumwambia kuhusu soksi. Akaandika kwa Kiingereza kizuri kwamba mkono umeharibika kwa sababu ya kukazwa na vifungo vya kienyeji kabla mgonjwa hajafika kituoni. Akanisogezea karatasi. Mimi niliyehoji dakika tano za kuchemsha sindano, nilitia sahihi bila kuuliza kitu. Nilijiambia kwamba nikifukuzwa, kituo kitabaki bila daktari. Labda ilikuwa kweli. Mpaka leo sijui, na hilo nalo linaniudhi, kwa sababu nimejihoji sana.

Chifu akaita baraza. Bi Mwanatumu akakatazwa kugusa mfupa wa mtu. Alitii. Baada ya hapo waliovunjika miguu huko mashambani waliletwa kwetu kwa vitanda vya kamba, na wengine hawakufika. Mzee Salimu akaomba uhamisho. Siku zote alizobaki aliniita "daktari". "Mwanangu" sikuisikia tena.

Bi Mwanatumu alikuja ofisini mara moja tu. Sikumkaribisha kiti.

"Tasbihi yangu, mwanangu. Ilikuwa ya mamangu."

Nikamwambia imepotea.

Droo ilikuwa hapo, baina ya tumbo langu na yeye. Sikuwa na haja yoyote na kile kitu. Nilichoogopa ni kwamba nikiitoa, atainyoosha mbele yangu, na mimi nitaelewa ilikuwa ya nini. Nilikuwa nimekwisha kuelewa, lakini niliogopa kuelewa akiwapo. Akaniambia haidhuru, akaniaga kwa salamu kamili, akatoka.

Mengine mnayajua. Nilipanda cheo. Nilifundisha. Kwa miaka yote hiyo niliwafundisha walimu wenu kumpa kila mwenye plasta ya mkono punje za kunde kwenye kisahani, azihamishe moja moja kwa vidole vyake, mara tano kwa siku, na muuguzi aketi amtazame. Wakaniuliza kwa nini mara tano. Nikawaambia utafiti. Katika daftari zenu kipimo hicho kimeandikwa kwa jina langu. Nimekiona mwenyewe, kimepigiwa mstari. Lifuteni jina hilo. Andikeni Mwanatumu.

Nilikuwa nimekwisha kustaafu niliposikia kwamba amefariki. Nilikwenda kwenye hitima na tasbihi mfukoni. Ilipoletwa pilau tukakaa wanne wanne, kila wanne na sinia lao, tukanawa. Nikamwona Rashidi, ndevu nyeupe, ameketi peke yake ukutani na sahani ya bati. Alikuwa amebana kijiko baina ya vidole vilivyokunjwa, anausogeza mdomo mpaka kwenye kijiko. Mnajua wenyewe kwetu mtu hatii mkono wa kushoto katika sinia la wenzake. Kwa miaka yote hiyo, harusi na matanga, alikuwa akila ukutani. Nami siku hiyo, kwa mkono wangu mzima wa kuume, nilikuwa nimekwisha kumega tonge la kwanza.

Niliinuka nikaenda kumkalia karibu. Nikamwambia kwamba si Bi Mwanatumu aliyemfanya vile, ni mimi. Kwamba plasta ndiyo iliyokaza. Kwamba niliandika uwongo.

Alitafuna mpaka akameza.

"Najua, daktari. Nilikuwamo ndani ya mkono huo."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Tangu magharibi ya kwanza nilisema." Akakilaza kijiko. "Halafu nikawa nangoja umwambie Bi Mwanatumu. Mimi tayari nilikuwa najua."

Watu walikuwa wanaendelea kula. Nikaitoa tasbihi, maana sikuwa na kitu kingine cha kufanya kwa mikono yangu, nikamwambia ilikuwa ya bibi, ya mamake bibi. Akaitazama. Kisha akanyoosha mkono wa kuume kuipokea, akakigeuza kiganja juu, na ile mifupa miwili ikazungukana sawasawa, laini, kama nilivyoiunga. Vidole havikufunguka. Nikaitundika juu yake, kama kitu kwenye msumari, nikarudi kwenye sinia langu. Wenzangu walikuwa wameniachia nyama.